Mahali Pasipofagiwa

Skola mwanangu,

Barua zote nilizowahi kuandika nilizianza kwa kusema mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali. Hii siianzi hivyo. Kwanza, bado hujawa mbali: umelala chumba cha pili, nasikia kitanda kikilia kila unapogeuka, kwa hiyo najua na wewe usingizi umekupitia pembeni. Pili, goti langu la kushoto linauma, na sioni sababu ya kulisingizia uzima.

Mambo ya sweta, dawa ya malaria na nani atakupokea uwanja wa ndege, mama yako ameyamaliza. Ameyamaliza mara mbili, na asubuhi kwenye basi atayamaliza tena kupitia dirishani. Mimi sina la kuongeza. Sijawahi kuishi kwenye baridi kali kuliko hii ya kwetu ya mwezi wa saba, na hii tunaitibu kwa moto na masengenyo.

Mimi nataka kukuandikia juu ya kufagia.

Najua utacheka. Unakwenda Polandi kujifunza kupima mionzi kwenye udongo, nyasi, maziwa na uyoga wa porini, kwa sababu ule mtambo wa nyuklia ulipolipuka kwa jirani yao Ukraina, upepo haukuuliza mpaka uko wapi. Baba yako, mnunuzi wa nafaka wa Milanzi, hapa Sumbawanga, aliyejisomea magazeti yaliyofungiwa vitunguu, anataka kukufundisha habari za ufagio. Subiri kidogo. Hadithi hii umeisikia kwa mama yako, naye huisimulia kwa kunidhalilisha. Ya kwangu inanidhalilisha vilevile, ila ndani yake kuna kitu yeye hukiruka ili awahi kwenye kicheko.

Ulikuwa shule ya bweni wakati huo. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Maduka ya mjini, ambayo kabla ya hapo yalikuwa na rafu na mwenye duka tu, yalianza kujaa sabuni, vitenge, redio, na maziwa ya unga ya makopo, mengine yakiingia kwa mpaka wa Kasesya kutoka Zambia, mengine Mungu anajua yalipita wapi. Mimi nami nilikuwa nimeanza kununua ulezi na mahindi vijijini mchana kweupe, bila kugeuka nyuma kuangalia kama kuna askari. Ndipo uvumi ukaingia kwamba maziwa ya unga ya Ulaya yana mionzi ya ile ajali. Hakuna aliyejua mionzi ni mdudu gani. Jirani yetu mmoja aliweka kopo lake uani kiza kilipoingia, aone kama litawaka. Halikuwaka. Akayanywa.

Baada ya uvumi wakaja watu. Walitoka Arusha na gari, dereva mmoja na mtaalamu mmoja, dada wa Kichaga aitwaye Eliaika. Walitafuta mwenyeji anayevijua vijiji, wakaelekezwa kwangu. Eliaika alinieleza kazi yake kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, jambo ambalo wataalamu hawalipendi sana. Alisema maziwa ya nje wanayapima yanapoingia, lakini ukitaka kujua kilichoingia lazima kwanza ujue kilichokuwepo. Kwa hiyo walikuwa wanataka udongo, nyasi na maziwa ya huku kwetu, mbali na ajali, yawe ya kulinganishia.

"Tunataka ardhi kama ilivyo," alisema.

"Hiyo tu?" nikamjibu. "Ardhi kama ilivyo tunayo ya kumwaga."

Siku hiyohiyo nilipanda baiskeli nikaenda kwa Mzee Kapele, ambaye nilikuwa nanunua ulezi wake. Nikawakuta wazee wamekaa, nikawaambia kesho wanakuja wageni kuangalia ardhi yao, wageni wakubwa, kutoka Arusha. Halafu nikaongeza neno moja nililoliona la busara: "Msiniaibishe."

Neno hilo lilifanya kazi kuliko trekta.

Tulipofika kesho yake, ule uwanja mpana nyuma ya kanisa la kigango, wenye nyasi za magotini, haukuwa na jani. Vijana walikuwa wameufyeka. Nyasi walizofyeka walizichoma, kwa usafi. Akina mama walikuwa wamefagia kuanzia ukingo hadi ukingo, wakarudia, wakanyunyiza maji. Ardhi ilikuwa inang'aa kama kichwa cha paroko. Pembeni kulikuwa na meza yenye kitambaa, na juu yake maziwa yaliyochemshwa, yakatolewa utando, yakafunikwa kwa kawa. Mzee Kapele alikuwa amevaa koti la Pasaka. Nami, nisikufiche, kifua kilinijaa.

Eliaika alishuka na pete yake ya chuma ya kukatia udongo. Akauangalia uwanja. Akauangalia tena. Sehemu inayofuata ndiyo mama yako huiruka, kwa hiyo isome polepole.

Hakusema kitu kibaya. Aliiweka pete chini ya kiti cha gari, akaenda akawasalimia wazee shikamoo mmoja mmoja, akasema hajawahi kupokelewa namna hii tangu aanze kazi. Akakaa. Akanywa togwa, kikombe kizima, akauliza ulezi wa mwaka huo ulikwendaje. Akausifu uwanja, na alikuwa anausifu kweli, maana ulikuwa umefagiwa vizuri mno. Baadaye sana, tuliposimama kidogo peke yetu, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Baba, kilichoanguka kutoka juu hukaa juu. Mmekifagia chote."

Mwanangu, mimi ni mnunuzi wa nafaka. Unalijua bambo langu, ule msumari wenye mfereji ninaouchoma gunia kutoa punje za katikati, kwa sababu juu ya gunia kila mkulima huweka mahindi ya kuposea. Maisha yangu yote nimejua kwamba mtu akikuonyesha kitu, amekwisha kukipanga. Simwamini mtu kwa gunia la juu, hata awe baba yangu wa ubatizo. Halafu mimi huyohuyo nikaenda kuwaamrisha watu wapange ardhi. Kwenye gunia, uongo hukaa juu na ukweli katikati. Kwenye udongo ule ukweli ndio uliokuwa juu, mwembamba kama vumbi, na ndio kitu cha kwanza ambacho mtu mwenye adabu angekitoa mbele ya mgeni.

Na badala ya kukubali, nikafanya ambalo wanaume hufanya. Nikawageukia wanakijiji.

"Nani aliwaambia mfagie?"

"Wewe," akasema Mzee Kapele.

"Mimi nilisema msiniaibishe!"

"Sasa sisi tusingefagia tungekuwa tumekufanyaje?"

Kuna mama mmoja alikuwa bado ameshika ufagio. Akautazama, akanitazama, na nilielewa kabisa alichokuwa anapima.

Eliaika akaingilia kati. Akauliza kama lipo eneo lolote tambarare lisilolimwa wala kufagiwa kwa miaka mingi. Si shamba, alisema, maana tunavyolima kwa kugeuza nyasi chini na kuzifukia kwenye matuta yetu ya mviringo, ya juu yote huwa yamekwenda chini. Alitaka mahali ambapo hata watu hawapiti.

Watu wote wakatazama miguu yao.

"Hakuna," akasema Mzee Kapele. "Kijiji hiki hakina mahali pa ovyo."

"Lipo," mke wake akasema kutoka jikoni, wala hakutoa kichwa. "Mwambie lile la kwako na Deo."

Deo alikuwa mdogo wake. Walikuwa wamegombania kipande cha ardhi tangu baba yao afe, kila mmoja akidai mpaka uko kwa mwenzake. Kwa kuwa hakuna aliyekubali mwingine alime, na hakuna aliyethubutu kulima, kipande kilikaa miaka hiyo yote hakijaguswa hata na mbuzi. Watoto wao walikatazwa kukanyaga. Hata misani ndugu hawa walikaa mabenchi mbalimbali. Katika kijiji kile chote, ile ndiyo ilikuwa aibu iliyofichwa nyuma ya migomba, na ndicho kipande pekee cha ardhi kama ilivyo.

"Hapo ndipo," akasema Eliaika. Macho yalimwaka kama aliyeambiwa kuna lulu.

Deo akaitwa. Akaja, akasimama upande wake. Kapele akasimama upande wake na koti lake la Pasaka. Eliaika akapiga magoti, akaanza kukata nyasi kwa mkasi na kuzitia kwenye mfuko.

"Udongo wa kwangu usizidi," akasema Kapele. "Chukueni sawa kwa sawa."

"Chukueni zaidi kwake," akasema Deo. "Kama kuna sumu hapa ndani, ni ya huyo."

Kijiji kizima kikaangua kicheko, na nilimwona Kapele akigeuza uso ili naye asionekane anacheka. Eliaika akaipima katikati kwa macho, akaweka pete yake hapo, akaigonga ikazama. Kesho yake mapema alirudi akachukua maziwa zizini, kabla mama wa watu hajayaonea aibu na kuyachemsha.

Habari ziliturudia baadaye sana kwamba udongo wetu ni mzima, hauna kitu cha ajali ile cha kumtisha mtu. Mzee Kapele alitamba miezi: "Udongo wa ugomvi wetu ulikwenda Arusha, na umefaulu." Ungedhani basi walipatana. Hawakupatana. Mpaka wanaugombania hadi leo, na mimi kila nikipita pale naona majani marefu, nafurahi kidogo. Samahani. Ni dhambi ndogo.

Nimekuandikia hii kwa sababu huko uendako watafagia. Watu wa Polandi siwajui, lakini wakulima nawajua. Utafika kwa mama mmoja mwenye ng'ombe wawili, atakupa maziwa ya yule aliyekula nyasi za kununuliwa. Utamuuliza kama watoto wake wanakula uyoga wa msituni, atasema hawagusi kamwe, na nyuma ya mlango kutakuwa na kikapu. Si mwongo huyo. Ni mwenyeji. Usimwonyeshe kwamba umeona kikapu. Kunywa kwanza alichokutengea, kama ni salama kukinywa, hilo wewe ndiye utajua, na umsifie. Halafu, taratibu, ulizia ugomvi wa nyumba hiyo. Nilichojifunza kwa Eliaika ni hicho, kwamba alitupita sote kwa elimu na hakutufanya tujione tumefagia bure. Mimi ningekuwa na pete ile mkononi ningefoka. Nilifoka hata bila pete.

Basi hiyo ndiyo nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni ngumu kidogo, ndiyo maana nimesimama nikaongeza mafuta kwenye taa wakati hayajapungua.

Kabla hujazaliwa nilikwenda Kopabeti, kule Zambia, kutafuta kazi ya migodini. Migodi haikunitaka. Nikawa napakia magari, nikaugua, nikapona, nikaugua tena, nikalala kwenye banda la mtu aliyenichoka. Na kila mwezi nikaandika nyumbani: mimi ni mzima wa afya. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, barua zangu zilisomwa kwa sauti mbele ya majirani. Ikatokea dereva mmoja wa lori, mtu wa kwetu, aliyekuwa anapitia huko akirudi, akamwambia babu yako: nina nafasi, nimlete kijana? Babu yako akamjibu, mwache, amesema ni mzima, usimkatishe kazi yake. Nafasi akapewa mtu mwingine. Mimi nikabaki msimu mwingine mzima, naumwa kwa mwandiko mzuri.

Niliporudi, mama yako, ambaye nilikuwa namchumbia na naye nilikuwa namwandikia uzima uleule, alisimama mlangoni kwao akaniangalia kuanzia masikio, maana ndiyo yaliyokuwa yamebaki.

"Huyu ndiye mzima wa afya?" akamuuliza dada yake.

Alikubali kuolewa nami. Lakini tangu siku hiyo hajawahi kuiamini barua.

Sasa unaelewa kwa nini wiki hii imekuwa vile. Mwanzoni alikubali haraka, kwa sababu Polandi ni nchi alikotoka Baba Mtakatifu. Alitangaza hivyo baada ya misa, watu wakampongeza. Jioni yake akipepeta maharage akaniuliza, "Lakini Baba Mtakatifu mwenyewe si alihama?" Anaogopa ile mionzi. Anaogopa utaturudia mgonjwa, au usipate watoto, na neno hilo la pili hawezi kulisema mbele yako, ndiyo maana alikuwa anagombana nawe juu ya masweta. Juzi ulimweleza vizuri sana kwamba huko sasa hatari ni ndogo, kwamba mtapima vitu vilivyobaki kidogo kidogo kwenye udongo, kwamba mtavaa kibeji kifuani kinachoonyesha mionzi iliyomgusa kila mtu. Alikuwa anakusikiliza. Nilimwona mabega yanashuka. Halafu ukaharibu.

"Mama, usiwe na wasiwasi. Mimi nitakuwa mzima tu."

Mabega yakapanda palepale. Akasema, "Haya," akaenda kufagia uwanja uliokuwa umefagiwa.

Skola, kibeji alikiamini. Wewe ndiye hakukuamini. Kibeji hakina adabu, hakijali mama wa mtu atalala au hatalala. Ulipomwambia utakuwa mzima tu, alisikia sauti yangu kutoka Kopabeti.

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Usitufagilie barua. Ukiwa na homa, andika homa. Kibeji kikisema jambo, tuandikie lilelile kililosema, hata kama hatutalielewa. Nitampelekea mwalimu wa fizikia wa sekondari, anipe kwa Kiswahili. Ukiona upweke umekukaa kama jiwe, andika. Ukiona umefurahi mpaka umesahau kwenu, hilo pia liandike, tena hilo usilione haya, mimi nitafurahi na mama yako nitamtuliza. Nakuomba tu ya juu uyaache juu, usiyatoe kwa ajili yetu. Sisi huku tutakuwa na karatasi tu ya kukupima nayo, na kama umeifagia, tutakaa tunatamba kwa majirani kwamba mtoto ni mzima, na mwenye lori atapewa jibu kwamba hakuna haja.

Nami naanza, ili usione nakudai nisichotoa. Goti nimekwishasema. Ulezi mwaka huu umekuja mzuri na magunia mengi yana ukweli hata juu, jambo linalonitia shaka. Naogopa kidogo, si sana, kama mtu anavyoogopa mvua ya radi akiwa ndani. Zaidi ya hapo nina furaha. Ni furaha ya kijinga, ya kutembea sokoni nikitafuta mtu wa kuniuliza binti yako anakwenda wapi. Jana hakuna aliyeniuliza, nikamweleza muuza dagaa bila kuulizwa. Akasema, "Kwa hiyo watu wa Sumbawanga sasa ndio tunakwenda kuwapimia Wazungu radi yao?" Nikamwambia hasa, umeelewa vizuri kuliko wengi.

Mama yako naye yuko hivi: hajalia, ila leo amepika chakula cha watu kumi. Kwenye sanduku lako, chini ya masweta, kuna unga wa ulezi na kipande cha kitenge chake. Nimekuambia ili usijifanye umeshtuka kwa furaha kwenye barua ya kwanza. Furahi kweli au usifurahi.

Basi lako linaondoka alfajiri. Unajua desturi ya mama yako: akiamka, kabla ya chai, kabla ya sala hata, anafagia uwanja kutoka mlangoni hadi barabarani, mpaka mistari ya ufagio ilale kama mahindi kwenye shamba la misheni. Kesho basi halitampa nafasi hiyo, lakini akirudi kutoka stendi atataka kitu cha kushika, na najua atashika nini. Nyayo zako zitakuwa pale, kutoka mlangoni hadi barabarani, na za kwangu pembeni zimechimba kwa uzito wa sanduku.

Nimeuficha ufagio. Uko juu ya dari, nyuma ya magunia matupu, na goti lililopanda huko ndilo hili linalouma. Atautafuta, atanigombeza, ataazima kwa jirani, na jirani nimekwisha kumwambia aseme wake umevunjika. Nitamshika mkono, nitamwambia mama Skola, kaa. Kwanza hapa pabaki kama palivyo, mpaka barua ifike.

Baba yako